Rangi Inayohama

Katika hoteli nyingi za ukanda wa Kiwengwa, ua huandikwa kitandani kabla mgeni hajaingia chumbani. Shuka nyeupe hugeuzwa ukurasa, hibiskasi nyekundu ikachomekwa kwenye mkunjo wa taulo, bogenvilia ikapangwa kwa umbo la moyo au kwa neno la kukaribisha, na kesho yake maandishi yote hayo yamefagiliwa. Mhakiki hana sababu ya kuudharau utunzi huu, kwani una nidhamu yake: rangi moja au mbili tu, weupe mpana ulioachwa kwa makusudi, na umbo linalosomeka kutoka mlangoni. Ila ni utunzi wa juu juu. Ua limewekwa, halikupenya. Ninaotaka kuusoma hapa ni utunzi wa pili, unaoanzia pale wa kwanza unapofagiliwa: maua yale yale yakiokotwa, yakaloweshwa, yakaachia rangi yake kwenye bafta.

Kwa macho ya haraka, kitambaa kilichotiwa rangi ya ua ni jambo la tabaka moja, nyekundu juu ya nyeupe. Muundo wake halisi una tabaka tatu, na mbili za mwanzo hazionekani kwa urahisi. Pamba haina urafiki na rangi za mimea. Ukiitosa peke yake kwenye maji ya maua, itatoka na wekundu ambao suuzo la kwanza litaondoka nao. Hivyo huanzwa na tanini, kile kikali kinachokaza ulimi katika magome na vikonyo. Baada yake huja shabu, ambayo ndiyo kishikizi, kwa maana ya kitu kinachoushika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine. Ua huja mwisho, likasifiwa peke yake kwa kazi ya watatu. Mpangilio huu haupinduki: aliyetanguliza ua na kuleta shabu baadaye amepata kitambaa kingine kabisa.

Tanini hiyo itoke wapi? Pwani yetu ilizoea gome la mkandaa, lakini kuuchuna mkoko ni kuujeruhi mti ulio hai. Zanzibar ina jibu lililo karibu zaidi na mada yetu, nalo ni makonyo. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Likichanua tu, soko halilitaki tena. Biashara nzima iliyovipa visiwa hivi jina imesimama juu ya ua lililonyimwa kuchanua, na makonyo ni kile kilicholishika tumba hilo mtini, kikatengwa nalo siku ya kuchambua. Hayatupwi yote: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, huyanunua, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta kwa mvuke. Hapo pana jambo linalonivutia kwa upande wa muundo. Mvuke huondoka na kile kinachopaa, yaani mafuta na harufu; tanini haipai. Makapi yanayobaki baada ya mtambo, baki la baki, bado yanaweza kuwa tabaka la kwanza la kitambaa chetu, nayo huleta kahawia hafifu inayoutuliza wekundu wa juu na kuuondolea ule ukali wa rangi ya dukani.

Kiwengwa yenyewe haina karafuu. Udongo wa mikarafuu uko magharibi ya Unguja, na zaidi Pemba, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuyafyeka mashamba ya Unguja. Huku mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Lakini mawe hayo huingia katika rangi kwa mlango ambao msomaji asingeutazamia: maji. Maji ya visima vya mawe hubeba chokaa iliyoyeyuka, nayo hibiskasi ni ua lenye kiini-rangi cha jamii ya anthosianini, kinachobadilika kulingana na ukali wa maji. Penye uchachu husimama kwenye wekundu; uchachu ukipungua huteremka hadi zambarau; penye magadi au chokaa nyingi huelekea buluu na kijani. Vipande viwili vya bafta moja, vilivyopita sufuria moja, kimoja kikasuuzwa kwa maji ya mvua na kingine kwa maji ya kisima, havitafanana. Cha pili kitakuwa na ukungu wa zambarau iliyofifia, mfano wa wino uliomwagiwa maji, na ukikidondoshea tone la ndimu, duara jekundu litajitokeza papo hapo, likiwa na ukingo uliokolea kuliko katikati yake.

Duara hilo ndilo hoja yangu. Wekundu haukuwa umepotea, ulikuwa umehama. Rangi ya namna hii haina hali moja iliyo asili yake, nyingine zikawa makosa. Ina hali kadhaa, na mahali ndipo panapochagua. Kitambaa kilichosuuzwa Kiwengwa kimebeba jiwe la Kiwengwa kwa uaminifu kuliko kitambaa chochote kilichochapwa mnazi na ngalawa kwa ajili ya watalii.

Bogenvilia hudai usomaji tofauti, kwa sababu kinachoitwa ua pale si ua. Yale mapana ya urujuani ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati. Kiini-rangi chake ni betalaini, kisichopenda moto: ukikichemsha hukuachia maji ya rangi ya chai. Huloweshwa baridi, kwa subira, na hata hivyo jua hukila mapema. Mtu asinunue kitambaa cha bogenvilia kwa kutaraji kukirithisha.

Hapo ndipo huja lawama ya kawaida, kwamba rangi za maua hazidumu. Ni kweli, na haifai kuificha. Lakini tangu Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, tumejifunza kuuogopa udumifu usio na mwisho, huku katika rangi bado tukiusifu. Uozekaji nao ni sehemu ya umbo. Mkoba wa ukili unaolegea mdomo kwanza na kitako mwisho una mpangilio wa kuchakaa ambao msukaji anaujua, ndiyo maana hukaza pale na kuacha pale. Kwingine ua hutumiwa kwa njia tofauti: huko Kanpur, mji wa India unaojulikana kwa viwanda vya ngozi, kampuni ya Phool iliyoanza na maua ya mahekalu imetengeneza kitu cha mfano wa ngozi kiitwacho Fleather. Naistahi kazi hiyo, ila kama umbo hainishawishi sana: ua limefanyiwa jitihada kubwa ili lisionekane kuwa ua. Nakipenda zaidi kitu kinachokubali kilikotoka.

Mtunzi anayetaka vyote viwili, kinachobaki na kinachopita, ana njia. Makonyo yakikutana na maji ya kutu, misumari iliyolazwa ndani ya siki, tanini hushikana na chuma na kutoa weusi wa kudumu, kwa kanuni ile ile iliyotoa wino wa vitabu vya kale vya Ulaya. Mistari ikipigwa kwa weusi huo na nafasi zake zikajazwa hibiskasi, miaka itafanya kazi ya uhariri: mistari itabaki, nafasi zitapauka, na kitambaa kitasomeka kwa sura ambayo siku ya kwanza haikuwapo. Kwa ajili hiyo ningemwomba mshonaji apinde upindo mpana kuliko kawaida. Ndani ya upindo mwanga haufiki, na anayetaka kulinganisha atafumua mshono kidogo, ausome wekundu wa mwanzo kando ya ule uliopigwa na jua, kama tunavyolinganisha nakala mbili za utenzi mmoja.