Mshazari wa Muungano

Mtu apitaye Chanji, mjini Sumbawanga, asubuhi, akaiona bendera ya taifa ikipanda mlingotini, aghalabu huzitazama rangi zake nne kana kwamba zimekuwapo tangu azali, asidhani kwamba katika mwaka 1964 palikuwa na mas'ala mazito ya kuamua kila rangi ikae wapi. Mas'ala hayo yalitatuliwa kwa mshazari mmoja, na kwa rai yangu hakuna ustadi uupitao huo katika alama zote za dola yetu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 chini ya bendera ya mistari iliyolala: kijani juu, nyeusi kati, kijani chini, rangi za chama cha TANU, zikatiwa nyuzi mbili za manjano kuitenga nyeusi na kijani. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilitwaa buluu, nyeusi na kijani za chama cha Afro-Shirazi. Nchi hizi zilipoungana tarehe 26 Aprili, nyeusi na kijani zilikuwa tayari mali ya shirika; zilizobaki ni manjano ya huku na buluu ya kule. Lau mistari ingalilazwa kama zamani, sharti rangi moja ingalikaa juu ya mwenziwe kutoka ncha hata ncha, na watu huisoma bendera kwa daraja, cha juu kikihesabiwa bora.

Kwa hiyo katika bendera iliyokubaliwa tarehe 30 Juni 1964, utepe mweusi wenye kingo za manjano ulianzia pembe ya chini ya mlingotini ukapanda hata pembe ya juu ya upande unaopepea, ukaiacha kijani katika pembetatu ya juu na buluu katika pembetatu ya chini, zikilingana kwa ukubwa. Atakayesema kwamba kijani bado iko juu amesema kweli; lakini buluu nayo imepewa upande unaopepea, uchezao na upepo. Nyeusi, iliyo alama ya watu, inagusa pande zote.

Romania ilikabiliwa na jambo la jamii hii Wallachia na Moldavia zilipomchagua mtawala mmoja, Alexandru Ioan Cuza, mwaka 1859: tai wa nchi ya kwanza na kichwa cha ng'ombe-mwitu cha nchi ya pili viliwekwa katika nembo moja, kila alama ikibaki kamili. Waliweka ubavu kwa ubavu. Sisi katika bendera tulichanganya.

Lakini katika nembo, ile watu waiitayo Bibi na Bwana, sisi pia tuliweka ubavu kwa ubavu: karafuu miguuni pa mwanamume, pamba miguuni pa mwanamke, na kati yao ngao iliyosimama juu ya Kilimanjaro, yenye mwenge, bendera, ardhi nyekundu na mawimbi. Shoka na jembe vilivyopishana katika ngao hiyo Mfipa hawezi kuvipita bila kusimama, maana wahenga wake walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto, wakayeyusha mawe wakapata chuma, na chuma hicho kikawa majembe. Chombo kilichofuliwa katika uwanda huu wa Ufipa kimo katika nembo ya dola.

Limebaki jambo moja la kazi. Bendera hii ikizungushwa nusu mzunguko, juu ikawa chini na kushoto ikawa kulia, mshazari haubadiliki, hupanda vile vile, ndiyo maana kosa hilo huweza kupita bila kutambuliwa. Ushahidi wake ni rangi peke yake. Basi nawasihi walimu, wachoraji wa kuta na kila anayeshika kamba ya mlingoti, Sumbawanga na kwingineko: kabla ya kuvuta, tazameni kwamba iliyo juu, karibu na mlingoti, ni kijani.