Tope Lililoiva

Fundi wa ukuta wa udongo hupimwa kwanza kwa pua. Nenda kwenye shimo alikovundika tope lake, uiname.

Djenné, nchini Mali, ambako msikiti mkuu wa matofali mabichi ulijengwa upya mwaka 1907, waashi wa chama cha barey ton huchanganya tope na pumba za mpunga, kisha huliacha majini hadi lichachuke. Lililoiva hunuka zizi lililonyeshewa. Livute kati ya kidole gumba na cha shahada: litanyooka kidogo kabla ya kukatika. Lililoharakishwa hukatika papo hapo, na pumba zake bado zinachoma ngozi. Pumba zinapooza, tope hupata ute unaozishika chembe za udongo, na nyuzi zinazobaki hulizuia lisipasuke likikauka. Wengine huongeza unga wa ubuyu au mafuta ya shea ili lisinyonye maji ovyo. Mimi simwamini fundi asiyeweza kuniambia tope lake lina siku ngapi.

Sasa ukague ufa wenyewe. Fundi mzuri huuchokoa mpaka akute udongo mzima, akafagia vumbi, akanyunyizia maji, ndipo akashindilia tope kidogo kidogo, akisubiri la kwanza lishike. Anayepaka juu tu ameficha ufa. Kiraka kikishakauka, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kibuyu kitupu, hakijashika. Tazama pia mzingo wake. Ukiona mstari mwembamba kama unywele kati ya kipya na cha zamani, tope lilizidi maji, nalo limesinyaa. Halafu kirushie maji kiganja kimoja: yakitiririka yamechafuka, udongo unaondoka nayo.

Tiébélé, Burkina Faso, wanawake humalizia kuta zao kwa maji ya maganda ya mti wa néré yaliyochemshwa. Tanini iliyomo huukaza uso wa ukuta, ukang'aa bila rangi ya dukani. Siku hizi kuna pia bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii, ambaye akipewa urea na kalisi hutengeneza chokaa ndani ya ufa. Naye apimwe kwa kipimo hiki: kiraka kisiwe kigumu kuliko ukuta.

Ndiyo maana saruji sina msamaha nayo. Huufungia unyevu ndani, udongo ukalegea nyuma yake bila mtu kuona, na siku inapobanduka huondoka na nyama ya ukuta. Kiraka cha tope huliwa na mvua polepole, nawe unakiona. Djenné hukandika msikiti upya kila mwaka.

Kama nyumba ya babu yako ni ya udongo na ina nyufa, usimhimize fundi amalize leo. Mlipe na zile siku ambazo tope linalala shimoni.