Embe la Wenje na Ustadi wa Kuuliza

Uchambuzi wa shughuli ni ustadi wa kuitazama kazi jinsi inavyofanyika hasa, si jinsi inavyosimuliwa ofisini, ili ijulikane ni nini kinachohitajika, nani anayekihitaji na ni hatua ipi inayokikwamisha. Nao uboreshaji wa mchakato, yaani wa mfululizo wa hatua zinazokitoa kitu katika hali moja hadi nyingine, huja baadaye, ingawa wengi huutanguliza. Mwanafunzi aliye kazini huonyeshwa kwanza michoro ya visanduku na mishale, akadhani kuwa fani yenyewe ndiyo hiyo. Sivyo. Mchoro ni kumbukumbu ya safari tu, na safari hufanywa kwa miguu.

Huko Wenje, kando ya Mto Tana nchini Kenya, safari hiyo yaweza kuanzia chini ya mwembe. Mkulima wa Kipokomo hulichuma embe pamoja na kipande cha kikonyo chake, kwa kuwa kikonyo kikikatika penye tunda utomvu hulichuruzikia na kulibabua ganda. Kisha hulilaza kivulini, hulihesabu, hulitia guniani, hulivusha kwa mtumbwi iwapo shamba liko ng'ambo, na hatimaye hulirundika kando ya njia lingoje lori la kwenda Garsen, Malindi au Mombasa. Mchambuzi anayeandika kila hatua na muda wake, na hicho ndicho chombo chake cha kwanza, anaweza kugundua kwamba mikono imeligusa embe hilo kwa dakika chache mno, na kwamba saa zote zilizosalia limekuwa likingoja: kungoja mtumbwi, kungoja dalali, kungoja lori lijae. Kungoja huko ni mojawapo ya mambo ambayo Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota nchini Japani, aliyahesabu kuwa upotevu, yaani kila kinachogharimu bila kumwongezea mnunuzi thamani. Mkulima huyo akishauriwa achume upesi zaidi, atakuwa ameongeza rundo linaloiva juani, basi.

Chombo cha pili cha fani hii ni chepesi kama swali la mtoto, nacho ni kuuliza kwa nini, tena na tena, hadi chanzo kionekane. Mto Tana wenyewe umeacha mfano mkubwa wa zoezi hilo. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanzishwa katika miaka ya 1950 na kujulikana kwa kilimo cha pamba, ulisimama mwaka 1989. Kwa nini pamba ilikauka? Maji hayakufika mashambani. Kwa nini hayakufika? Pampu hazikuwa na cha kuvuta. Kwa nini? Mto ulikuwa umehama mkondo wake. Anayeishia hapo humlaumu Mungu au mto, ilhali swali lenye faida ndilo linalofuata: kwa nini kuhama kwa mkondo kuliweza kuuangusha mradi mzima? Kwa sababu mashamba yote yalinyweshwa kutoka mahali pamoja, kando ya mto ambao Wapokomo, waliozoea kulima kwa kufuata mafuriko, wanaufahamu kuwa hautulii.

Ndipo linapoingia neno wadau, yaani wote wanaoguswa na kazi, hata wasioalikwa mkutanini. Wafugaji wa Kiorma hushusha ng'ombe mtoni kupitia malka, ambazo ni njia za mifugo kuyafikia maji, na ramani ya shamba iliyozisahau malka hizo imekosea kabla wino haujakauka, hata kama mistari yake imenyooka vipi. Hapa ndipo fani hii inapostahili sifa: humlazimisha msomi kumsikiliza mchungaji, mwenye mtumbwi na mchumaji kabla ya kufungua kinywa.

Anayetaka kuianza na achague kazi moja aifanyayo kila siku, aifuate tangu inapopokewa hadi inapokabidhiwa, na aandike dakika za kungoja kabla hajaandika pendekezo lolote.