Shule Inamtumikia Mtoto Yupi? Elimu ya Kujitegemea na Hali Halisi ya Bariadi

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Makada wengi wanaukumbuka kwa jambo moja, shamba la shule, na kwa miaka mingi jembe la mwanafunzi limehesabiwa kuwa ndiyo utekelezaji wake wote. Kuusoma hivyo ni kuupunguza. Hoja kuu ya waraka ule ni swali la kitabaka: shule inamtumikia mtoto yupi?

Makala hii inakusudia kulirudia swali hilo kwa kulipima na hali halisi ya Bariadi na Mkoa wa Simiyu, nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji. Msimamo wetu ni kwamba milango ya shule imefunguliwa kwa watoto wote, lakini ndani ya shule bado unaendelea mfumo wa kuchuja. Shule haitakuwa ya umma mpaka ijirekebishe kulingana na mtoto kama alivyo, mwenye njaa, mwenye lugha ya kwao, mwenye ulemavu na mwenye hofu.

Mlango na Chumba

Waraka wa 1967 ulieleza kuwa asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari, na bado mafunzo yote yalipangwa kwa ajili ya hao wachache. Waliobaki walirudi kijijini wakijiona wameshindwa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977, na likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vipimwe, wala si mtihani peke yake. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi, iliondolewa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo linataka elimu ya lazima ya miaka kumi. Waraka wa Elimu wa 2021 ulimrudisha darasani msichana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito.

Haya ni mafanikio makubwa ya umma. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kukitengeneza chumba kimfae anayeingia ni jambo jingine.

Funzo la Kambi

Kati ya 2016 na 2021, chini ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, Simiyu ilipata sifa nchi nzima kwa kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, walimu hodari wakaletwa, wazazi na wadau wakachangia chakula, na masomo yakaendelea hadi usiku. Mkoa ulipanda katika matokeo ya kitaifa.

Wapo watakaosema: mtoto wa mkulima wa Itilima au Meatu naye ana haki ya kufaulu, na kambi ilimpa alichonyimwa. Hoja hii ina uzito, nasi hatuikatai. Lakini tuichambue hadi mwisho. Kambi ilimpa mtoto nini? Ilimpa chakula, taa, muda usio na kazi za nyumbani, na mwalimu aliye karibu. Kwa hiyo kambi yenyewe ilithibitisha kwamba mtoto wa Simiyu hakupungukiwa akili, bali alipungukiwa mahitaji ya lazima ya kujifunzia. Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini mahitaji hayo yamfikie anapokaribia mtihani, na yasimfikie akiwa darasa la kwanza? Na yule aliyeacha shule akiwa darasa la tatu ataingia kambi ipi?

Hapo ndipo mkinzano unapojitokeza. Kambi iliwapa wengi nguvu ya kushindana, bali haikuugusa mfumo wa mashindano. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Ilikuwa hatua sahihi, lakini kasumba ya kupanga shule kwa nafasi bado imo vichwani mwa viongozi wengi.

Mtoto Anayeingia Darasani

Tumtazame sasa mtoto mwenyewe. Wengi katika Bariadi huanza shule wakisema Kisukuma. Mtoto anayeweza kumtambua ng'ombe mmoja aliyepotea kundini anaonekana mjinga kwa sababu tu hajaelewa neno "kujumlisha". Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza katika mikoa kadhaa ikiwemo Simiyu, uliandaa mafunzo ya utayari wa shule kwa watoto wa namna hiyo, kwa hadithi na michezo, wakisaidiwa na vijana wa jamii zao. Mpango huo ulimalizika 2020. Mradi una mwisho, watoto hawana mwisho. Kijiji kinachongoja mfadhili mwingine ili mtoto aelewe mwalimu wake hakijajitegemea.

Pili, msimu. Shule hufunguliwa Januari wakati pamba na mahindi yanadai palizi, na nyumba za Wasukuma zimetawanyika. Mtoto hutembea mbali, mara nyingi bila kula. Mchana ukifika hana nguvu ya kusikiliza. Mkoa unaolima mahindi na viazi, na unaojua kukausha michembe na matobolwa kwa ajili ya kiangazi, hauwezi kusema kwamba hauna maarifa ya kuhifadhi chakula cha watoto wake. Kinachokosekana ni mpango wa pamoja, na namna ya kuhakikisha kwamba mtoto wa asiye na cha kuchangia hafukuzwi penye sufuria.

Tatu, fimbo. Mjerumani alitawala kwa hamsa ishirini, na bendera yake ilishushwa zamani. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Tunasema wazi: mtoto anayeogopa hujifunza kunyamaza, na taifa la wanaonyamaza haliwezi kujenga demokrasia wala ujamaa. Kupunguza idadi ya viboko hakutoshi, viondolewe kabisa.

Nne, ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoikumba Kanda ya Ziwa yaliwafanya watoto wengi wapelekwe Buhangija, Shinyanga, kwa usalama. Uhai wao ulilindwa, lakini kwa gharama ya kutengwa na wazazi. Mtoto mwenye ualbino huhitaji kofia, kiti cha mbele na maandishi makubwa ubaoni. Maswa wameweza kutengeneza chaki. Je, kumketisha mtoto huyu karibu na ubao kunahitaji msaada wa kutoka ng'ambo?

Upungufu wa Waraka na Wajibu wa Makada

Uhakiki wa haki hauishii kwenye sifa. Elimu ya Kujitegemea iliuona umma wa watoto kwa pamoja, lakini haikumpa nafasi mtoto mwenye ulemavu wala yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani. Usawa ulieleweka kuwa ni kuwapa wote kitu kilekile. Leo yatupasa kuuendeleza: usawa ni kila mtoto kupata kinachomwezesha kujifunza.

Kazi hii haianzii Dodoma. Inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kamati ya shule. Kada anayehudhuria asiulize kwanza wangapi wamefaulu. Aulize wangapi wamekula leo, nani hayupo tangu palizi ianze, nani haoni ubao, nani hajasema neno darasani tangu Januari, na nani amepigwa. Kisha adai majibu na aondoke na kazi ya kufanya, si taarifa ya kupeleka juu. Shule ipimwe kwa mtoto wa dawati la nyuma. Huyo akisimama na kujibu bila hofu, tutajua kwamba swali la 1967 limeanza kupata jibu.