Meza ya Ukutani na Nakshi Zake: Maoni juu ya Pambo la Nyumba katika Mbeya na Iringa

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, wakamtaka msifuji afungue aingie ndani. Makusudi ya makala hii ni kuitii methali hiyo. Juu ya milango ya nakshi ya Unguja, Lamu na miji mingine ya pwani yamekwisha kuandikwa mengi, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Twataka kuuvuka mlango tuingie sebuleni, tena si sebule ya pwani bali ya Nyanda za Juu Kusini, tukitazame chombo kimoja ambacho siku hizi chaonekana katika nyumba kadha wa kadha za Mbeya na Iringa. Chombo hicho ni meza nyembamba yenye nakshi, inayoegeshwa ukutani. Watu hawali juu yake wala hawaandiki. Kazi yake ni kubeba vitu vya kutazamwa.

Yafaa tuanze na jina. Wauzaji wa samani huiita konsoli, neno lililotoka Ufaransa, ambalo asili yake ni kiegemeo kinachochomoza ukutani kubeba uzito. Katika karne ya 17 na ya 18 meza za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya wakubwa wa huko. Nyingi zilikuwa na miguu ya mbele tu, na upande wa nyuma ulishikizwa ukutani. Zikapakwa dhahabu, na juu yake kikatundikwa kioo kikubwa. Kwa hiyo jina lilisema kweli, kwa kuwa ukuta ndio uliokuwa ukiibeba meza. Ile ya Mbeya husimama kwa miguu yake minne na ukuta ni jirani yake tu. Kwa sababu hiyo nitaiita meza ya ukutani, mpaka atokee mwenye jina bora.

Haja inayotimizwa na meza hii si ngeni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, kuta za ndani zilitobolewa zidaka, safu juu ya safu, zikapambwa kwa nakshi za chokaa, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina na kwingineko. Hapo ukuta wenyewe ulikuwa meza, na nakshi ilikuwa juu ya kinachobeba. Bara ilikuwa vingine. Nyumba ya tembe ya Uhehe, yenye paa bapa la udongo, na nyumba ya mianzi ya Unyakyusa hazikujengwa kwa chokaa wala hazikuwa na zidaka. Sisemi kwamba kuta zake zilikosa pambo kabisa. Ila nionavyo mimi, pambo lililopewa kazi na fikira nyingi zaidi lilikuwa juu ya chombo chenyewe: kikapu cha milulu kilichosukwa na wanawake wa Iringa, chungu cha Wakisi wa Ikombe ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na mkeka. Kilichovibeba vyombo hivyo kilikuwa sakafu, kamba, au kichwa cha mwanamke aendaye sokoni, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotaka nakshi.

Hapa ndipo penye shina la hoja yangu. Meza ya ukutani yenye nakshi imeupindua mpango huo wa bara. Imelihamisha pambo kutoka kwenye kinachobebwa na kulitia kwenye kinachobeba. Mpinduko wa namna hii si kosa kwa wenyewe, lakini una masharti, na mhakiki apaswa kuuliza kama masharti hayo yametimizwa.

Ufundi wa useremala wa kisasa ulifika sehemu hizi kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ni misheni, kama ile ya Wamoravian iliyofunguliwa Rungwe mwaka 1891. Samani ya kimisheni ninayoikumbuka mimi ilikuwa nzito, nyofu, isiyo na marembo. Baadaye barabara kuu, na reli ya TAZARA iliyokamilika katika miaka ya 1970, zikaziunganisha Mbeya na Dar es Salaam, hata ladha ya pwani ikapanda mlimani pamoja na bidhaa. Siku hizi pamezidi kitu cha tatu, yaani picha. Mteja humwonyesha fundi picha iliyomo katika simu yake, akamwambia, "Nitengenezee hii." Mti ulio pichani haujulikani, wala ukuta, wala nchi.

Nitatoa mifano miwili niliyoiona. Wenye nyumba sitawataja, kwa kuwa walinikaribisha kama mgeni wala si kama mhakiki.

Meza ya kwanza niliikuta Mbeya. Mbao zake ni za msindano, mti uliopandwa kwa wingi mno katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, ambao majaribio yake yalianza mwaka 1939. Fundi aliipaka rangi nzito ya hudhurungi ili ifanane na mninga, na mbele yake akachonga mawaridi na mnyororo, kwa mfano wa miimo ya milango ya Unguja. Kwa mbali yapendeza. Ukikaribia waona kwamba petali za mawaridi zimemeguka, na pete za mnyororo zimekuwa alama hafifu tu. Mkono wa fundi si wa kulaumiwa sana. Msindano ni mti laini, na katika kila mzunguko wa ukuaji wake pana sehemu laini na sehemu ngumu zilizofuatana, hata patasi huzama hapa na kuruka pale. Nakshi za pwani zilikua pamoja na mvule na msaji, miti inayoshika ukingo mwembamba bila kumeguka. Fundi alijaribu kuusemesha mti wake lugha ya mti mwingine, na mti ukagugumia.

Kosa la pili la meza hiyo ni kubwa zaidi. Juu yake palikuwa na chungu cha Wakisi, chenye michoro iliyotiwa kwa mkono usiotetemeka. Mawaridi ya chini na michoro ya juu viligombana, na jicho lisijue pa kutua. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuona taabu hiyo, akaitatua kwa namna yake: alikifunika chungu kwa kitambaa cha kufuma. Nakshi hafifu ya kuazima ilikuwa imeifukuza nakshi hodari ya nyumbani.

Meza ya pili ilikuwa Iringa. Hii ni ya mninga mtupu, uliosuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta. Ubao wa juu hauna pambo lolote, na miguu imenyooka. Pambo lipo mahali pamoja tu, katika ukanda mwembamba ulio chini ya ubao wa juu, ambako fundi amechonga pembetatu zinazofuatana, akiiga mistari ya rangi ya kikapu cha milulu. Juu yake ilikuwapo redio ya zamani, kitabu cha dini, na picha ya bibi wa nyumba hiyo, ambaye sasa ni marehemu, siku ya arusi yake. Ukanda huliongoza jicho taratibu kutoka pembe mpaka katikati, kisha huliacha lipande kwenye picha. Meza hii yajua kwamba imekuja kubeba.

Hata hivyo sitaisifu kupita kiasi. Katika kikapu, nakshi hutanuka kadiri kikapu kinavyotanuka kutoka kitako kwenda mdomoni, nayo huonekana kama kitu kinachokua. Fundi alichukua kipimo kimoja akakirudia mwanzo hadi mwisho, na uhai huo ukapotea. Zaidi ya hayo, alipofika pembeni mbao zilikwisha kabla ya hesabu kutimia, akaikata pembetatu ya mwisho katikati. Msukaji hodari hawezi kuliacha jambo hilo, kwa kuwa yeye huhesabu kabla ya kuanza. Fundi alitwaa sura ya nakshi akaiacha hesabu yake, na katika usukaji hesabu ndiyo elimu yenyewe.

Pengine msomaji atasema kwamba nawakataza watu wa bara kuazima vitu vya pwani na vya ng'ambo. Hasha. Milango ya Unguja yenyewe iliazima mengi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, wala hakuna aionaye leo akasema si ya Unguja. Tena tuitazame lugha yetu. Neno meza tulilipata kwa Wareno, neno nakshi kwa Waarabu, na neno kabati kwa Waingereza. Hakuna anayeona ugeni asemapo "meza yangu" na "meza zangu". Kiswahili hakikulipokea neno la Kireno kikaliacha limesimama ugenini. Kililipa ngeli, kikalipa viambishi, kikalifanyisha kazi katika sentensi. Hilo ndilo sharti ninalolidai kwa nakshi. Nayo ipewe ngeli yake: mti unaoifaa, kipimo kinachoifaa, na kitu cha kukibeba kinachopatana nayo. Waridi la Unguja laweza kuwa la Mbeya, lakini halitakuwa hivyo kwa kupakwa rangi tu.

Sasa naja kwenye jambo linalokihusu chuo chetu hasa. Mlango wa pwani una istilahi zake: miimo, kizingiti, mfaa, tumbuu. Kazi za mapambo nazo zina maneno yaliyotengana barabara: nakshi ni ya kuchonga, njumu ni ya kutia madini ndani ya mti, tarizi ni ya uzi, na mguu wa duara hukerezwa. Katika karakana nilizozuru, maneno hayo yote yamemezwa na neno moja, dizaini. Mteja ataka "dizaini", fundi auliza "dizaini gani", na kwa kuwa hakuna neno la kujibu, simu hutolewa mfukoni. Picha haikushinda kwa sababu ni nzuri zaidi. Imeshinda kwa sababu maneno yalikosekana, na asiye na neno hana budi kuonyesha kidole. Mwanamke wa Iringa asukaye kikapu ana majina ya mistari yake kwa Kihehe, na Mkisi ana majina ya michoro yake. Kama fundi seremala angeyajua, mteja angeweza kumwambia kwa maneno ni mstari upi autakao, na fundi angejua wapi pa kuanzia kuhesabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, maneno ya useremala, usukaji na ufinyanzi wa Nyanda za Juu Kusini yakusanywe kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe, maana wazee wa kazi hizi hawatatungoja. Pili, wahakiki wetu waliozoea kuhakiki shairi na riwaya wasione haya kuihakiki meza. Juu ya meza ya ukutani watu wa Mbeya na Iringa wameweka picha za wazazi wao, vitabu vyao vya dini, na vyungu vya bibi zao. Chombo kilichopewa amana kama hiyo chastahili kupimwa kwa mizani ya haki.

Haya ni maoni ya mtu mmoja aliyetazama nyumba chache. Ikiwa wako wenye ujuzi zaidi wa miti, au wa nakshi, au wa lugha za huko, nawasihi wanisahihishe katika kurasa hizi. Nitafurahi kuambiwa kwamba ile pembetatu iliyokatwa katikati ina jina lake, na kwamba fundi alijua alilofanya.