Tetere Mvuani: Picha Ilivyopatikana

Picha ninayokusudia kuichambua yamwonesha tetere juu ya utagaa wa mwembe, uani mwa nyumba moja ya Tanga wakati wa masika, ameegemea ubavu wa kushoto na kuliinua bawa la kulia hata kwapa lake lote likawa wazi kwa mvua, ilhali nyuma yake zimeshuka nyuzi nyeupe za maji, kila moja yapata urefu wa kidole. Baadhi ya walioitazama walidhani amevunjika bawa. Walakini hua na tetere wana desturi ya kuoga hivyo, wakaliinua bawa moja ili maji yapenye chini ya manyoya, kisha wakageuka na kuliinua la pili.

Desturi hiyo ndiyo iliyoniwezesha, zaidi ya kamera. Chozi naye huoga, lakini kwa kujisugua katika majani yaliyolowa, hatulii asilani, na mwenye kumtaka hana budi kuipandisha kasi ya shata hadi 1/1000 ya sekunde au zaidi. Na kwa kasi hiyo mvua hutoweka. Hesabu yake si ngumu: tone lenye upana wa milimita 2 huanguka kiasi cha mita 6 na nusu kwa sekunde, basi kwa 1/1000 huwa limekwenda milimita 6 na nusu tu, nukta isiyo na maana, na kwa 1/60 hushuka sentimita 11 hivi, karibu nusu ya urefu wa tetere, hata mtazamaji akadhani ndege amefungiwa tunduni. Nilichagua 1/125, ambayo hutoa uzi wa sentimita 5, nikaweza kuichagua kwa kuwa tetere aogaye hutulia.

Nyuzi hizo zisingalionekana lau angalitua upande wa pili wa uwa, penye ukuta wa chokaa, maana weupe juu ya weupe hauna dalili. Maji ya mvua hudhihiri pale tu yanapopata kiza nyuma yake. Majani ya mwembe yalikuwa kiza maridhawa, tena kikazidi, kiasi cha kuihadaa kamera, ambayo tabia yake ni kutaka kila cheusi kiwe kijivu, na lau ningaliiachia hiari yake ingalimchoma ndege kwa weupe. Kwa hiyo niliipunguzia nuru kwa theluthi mbili za kipimo, tundu la lenzi likiwa f/5.6 na ISO 800.

Mimi nilikuwa chumbani, dirisha wazi, taa zimezimwa, nimerudi hatua mbili nyuma ya kizingiti ili rasharasha zisinifikie wala ndege asinione, na lenzi ya milimita 300 imelazwa juu ya mfuko wa mchele begani mwa kiti, maana kwa kasi ndogo kama ile mkono mtupu hauaminiki. Fokasi niliiweka kwa mkono katika jicho la ndege, kwani mashine ikiachiwa kazi hiyo mvuani aghalabu hushika tone linalopita. Flashi sikuiwasha, kwa kuwa matone yaliyo karibu na lenzi ndiyo huipokea nuru kwanza, yakatanda mabaka meupe juu ya kila kitu. Nafaka pia sikumwaga, ingawa wako wanaoishauri: katika pwani yetu mwenye kumwaga mtama amewaalika kunguru wa Bara Hindi, wale walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na wakishatua wao, tetere hakai.

Neno moja kwa atakayejaribu: kazi ikiisha, usiifungie kamera mkobani ingali na unyevu, ipanguse, uiache penye hewa kavu hata ikauke barabara, kwani katika joto la pwani kuvu huota ndani ya lenzi, na ikishaila kioo, hakuna kitambaa kinachoiondoa.