Sikulienda

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu aliniletea ripoti ya safari ya vijijini niipitie kabla haijapelekwa kwa wafadhili. Kurasa sita za Kiingereza, mistari imenyooka, vichwa vya habari vimekolezwa. Sentensi ya kwanza ilisema "We have visited the village on Tuesday". Nikaweka kalamu chini, nikamwuliza kama anaona kasoro yoyote hapo. Akaisoma mara mbili, akasema kompyuta haikuipigia mstari mwekundu. Nikamwambia Jumanne imeshakwenda zake, sema "visited" basi, hiyo "have" ya nini? Akacheka kwa adabu, vile vijana wanavyotuchekea sisi tulioanza kuota mvi, akasema, "Sawa mzee, nitarekebisha. Ila mimi mwenyewe Jumanne sijaenda, walienda wenzangu."

Sijaenda. Siku sita zimepita, na bado hajaenda.

Nilimkumbuka palepale mwalimu wangu wa Kiingereza wa Pangani. Kwa kosa kama lile asingenyanyua kalamu nyekundu. Angevua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akamwuliza yule kijana kwa upole kabisa, "Kwa hiyo Jumanne unategemea kwenda lini?"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na waliokuwapo wanajua ile miaka ilivyokuwa. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na shuleni chaki ilikuwa mali. Mwalimu alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimohifadhi vipande vya chaki vilivyobaki, vingine vidogo kama jino la mtoto, na hakuna kilichotupwa. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa dawati, dawati la watoto wanne, na ukurasa wa mwisho wenye orodha ya vitenzi ulikuwa umechanika siku nyingi. Orodha hiyo hakuwa na pa kuiandika ikakaa. Akaiandika vinywani mwetu.

Alifanya hivi. Kila Jumatatu alimgawia kila mtoto kitenzi kimoja, na kwa wiki nzima hicho ndicho kilichokuwa jina lake. Asubuhi, wakati wa kuita mahudhurio, hakuita Asha wala Juma. Aliita "Bring!" na mwenye kitenzi akasimama akaitika "Brought!" Aliita "Sing!" akaitikiwa "Sang!" Ukikosea unabaki wima mpaka zamu ikurudie, na tulikuwa zaidi ya hamsini. Kwa hiyo njiani kuja shule, huku umande wa majani ukikulowesha miguu, ungewasikia watoto wakinong'ona kila mmoja na kitenzi chake, kama wanaokwenda chuoni wakirudiarudia sura waliyopewa na maalimu.

Wapo waliobahatika. Mmoja alipewa "put" akatembea wiki nzima kama mrithi wa shamba la minazi, maana aliitwa "Put!" akaitika "Put!" basi, kazi imekwisha. Waliopata "cut" na "shut" walitembea naye. Mimi nilipewa "teach". Asubuhi ya kwanza nikasimama kwa kujiamini nikasema "Teached!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akawanyamazisha kwa kiganja, akaniambia, "Umetumia akili. Lakini hiyo lugha ilizaliwa kabla yako." Nikabaki wima mpaka miguu ikafa ganzi, na tangu siku hiyo "taught" haijanitoka.

Msichana aliyepewa "go" alilalamika. Alisema wenzake vitenzi vyao vinafanana na wazazi wao, "come" na "came", "give" na "gave", ila "went" hana sura ya mtu yeyote nyumbani kwa "go". Mwalimu akajibu bila kugeuka kutoka ubaoni: "Huyo kaazimwa kwa jirani." Tulidhani anatania. Miaka mingi baadaye nilikuta kwenye kitabu kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa. Waingereza wa kale walikuwa na neno jingine kabisa, "eode", kwa maana ya alikwenda. Neno hilo likafa, na "go" akabaki hana lililopita. Pembeni alikuwapo jirani yake, "wend", ambaye lililopita lake lilikuwa "went", kama "send" na "sent", "bend" na "bent". Likachukuliwa. "Wend" mwenyewe akashonewa "wended", na siku hizi hatumwoni ila mara chache.

Sijui mwalimu yule alilisoma wapi hilo, katika mji ambao gazeti lilifika likiwa na siku mbili.

Lakini kazi yake kubwa, ile ninayoiona mbele yangu nikifumba macho, ilikuwa ya kidole. Vile vitenzi vitiifu, vinavyopokea "ed" bila ubishi, wengi hudhani ndivyo rahisi. Kuviandika, ndiyo. Kuvitamka ni shughuli, hasa kwetu sisi tuliozoea kumalizia kila neno kwa irabu. Mtoto wa Pangani ukimwonyesha "walked" atasoma "wokedi", silabi tatu, kila moja na kivuli chake. Mwalimu hakukemea. Alipita dawati kwa dawati, akatuambia tuweke vidole viwili kooni. Sema "play", vuta mwisho wake. Koo linanguruma? Linanguruma. Basi "ed" hapo ni "d": "played". Sasa "walk". Ile "k" ya mwisho, koo limetikisika? Halikutikisika. Basi "ed" hapo ni "t", na "e" yake ni pambo la karatasi tu, haina sauti. Na "want", ambayo tayari ina "t" mlangoni, huwezi kuibandika nyingine juu yake, kwa hiyo hapo peke yake, na penye "d", ndipo tunaporuhusiwa kuongeza silabi: "wanted", "needed". "Koo likinguruma, d. Koo likinyamaza, t." Watoto hamsini wameshika makoo yao kama wamekabwa, na upepo wa mtoni unaingia madirishani. Mkaguzi mmoja aliwahi kutukuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni asijue aingie au arudi.

Nimewauliza walimu watatu wa siku hizi kuhusu jambo hilo la koo. Mmoja alilijua. Wawili waliniambia wanafunzi wanasikiliza matamshi kwenye simu.

Kisha kulikuwa na "did". Hapa ndipo jina la insha hii lilipotoka. Mtoto yeyote anayejifunza Kiingereza atafika mahali atasema "I did not went", na atasema hivyo kwa sababu ana bidii: amefundishwa kwamba jana inataka "went", naye anaitia kila penye jana. Mwalimu aliwahi kumsikia mwenzetu mmoja akiisema. Akamwita mbele. Akamwuliza kwa Kiswahili, "Jana ulikwenda sokoni?" Mtoto akajibu, "Sikwenda." Mwalimu akakunja uso kama hakusikia. "Kwa nini hukusema sikulienda?"

Sikulienda! Darasa zima likalia kwa kucheka, na yule mtoto naye. Mwalimu akasubiri tuishe, akasema mzigo mmoja haubebwi na wapagazi wawili. "Ku" ikiubeba wakati uliopita, "li" inakaa pembeni. "Did" akiubeba, kitenzi kinatembea mikono mitupu: "did not go". Dakika tano, na hakuna aliyerudia kosa lile. Mpaka leo tukikutana mazikoni au harusini, mtu wa darasa lile akiulizwa mbona hakuonekana mahali fulani, atajibu "sikulienda", na wanaocheka ni sisi tu.

Ndiyo maana nasema ule ulikuwa ufundi. Alikuwa na lugha mbili mkononi kama seremala mwenye randa na tezo, akijua lini achukue ipi. Aliiona njeo ya Kiingereza kwa sababu aliiona kwanza ya kwao. Ukiambiwa "mjomba amekuja", unaweka birika jikoni. Ukiambiwa "mjomba alikuja", unauliza ameacha salamu gani. Aliyesema "sijala" bado anasubiri sahani, na aliyesema "sikula" alilala na njaa yake kukakucha. Mwenye kuihisi tofauti hiyo mdomoni hatapata taabu kubwa na "visited" na "have visited", ingawa mipaka ya lugha hizi mbili hailingani kila mahali.

Najua watakuwapo wa kuniuliza kwa nini nasifu mali ya watu, tena mali iliyotujia na bwana mkubwa na kofia yake. Sina ugomvi nao. Na mwalimu wangu alikuwa na fimbo, nisije nikamfanya malaika. Ilikuwa ya mpera na ilitumika ipasavyo na isivyopasa. Ila fundi ni fundi, na vitenzi vile vya Kiingereza visivyotii kanuni ni kazi ya mikono ya watu wa zamani, inastahili heshima kama mlango wa nakshi unavyostahili hata kama aliyeijenga nyumba humpendi.

Hebu tazama umri wake. "Sing" kuwa "sang", "drink" kuwa "drank", kubadilisha irabu ya ndani badala ya kubandika kitu mwishoni, ni desturi iliyokuwapo kabla hata Kiingereza hakijaitwa Kiingereza. Wajerumani na Waholanzi wanayo pia. Zamani vitenzi vya namna hiyo vilikuwa vingi zaidi. "Help" kilikuwa kimojawapo, na Shakespeare bado aliandika "holp" pale ambapo leo tungeandika "helped". Mwaka 2007 watafiti wa Harvard, Erez Lieberman, Jean-Baptiste Michel na wenzao, walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature: vitenzi 177 walivyovifuatilia tangu Kiingereza cha kale, vilivyokuwa vyote na njia zao wenyewe, leo vimebaki 98. Vingine vimeingizwa kundini, vikavishwa "ed" kama sare. Vilivyosalimika ni vile vinavyotumika mno, "be", "have", "do", "go", "say", "see". Ni kama njia ya mguu: inayopitwa kila siku haioti majani.

Kimoja kinanigusa zaidi. "Work" kilikuwa na "wrought". Siku hizi mtu akifanya kazi jana anasema "worked", na "wrought" imebaki kwenye chuma kilichofuliwa, kile cha milango na mageti ya zamani. Neno la kazi limekufa kazini, likabaki kwenye kitu kilichotengenezwa kwa nyundo. Nacho hicho chuma kinatoweka. Geti la nyumba yangu limechomelewa kwa mabomba ya mraba, siku moja na nusu, na limeshaanza kushika kutu.

Nasi tusiwacheke. Kiswahili kilikuwa na ufundi uleule. Katika lahaja za kaskazini, Lamu na jirani zake, na katika tenzi za kale, kitenzi kiliweza kuingia katika hali ya kutimia kwa kugeuza irabu zake: lala ikawa lele, pata ikawa pete, simama ikawa simeme. Weka "lala, lele" kando ya "sing, sang" uone. Watu wawili wasiowahi kuonana, kila mmoja ameketi katika pwani yake, wakaona inafaa jambo lililokwisha lisikike limekwisha ndani ya tumbo la neno. Leo mwanafunzi akikutana na "pete" katika utenzi anafikiri kidoleni. Anaandikiwa maana pembeni, kwa herufi ndogo, anaikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha na yenyewe imeisha.

Hiyo tumeshaipoteza. Sasa naona tunaipoteza na ya pili. "Jana sijaja kazini." "Mwaka juzi sijapata likizo." Naisikia redioni, naisikia kwa watangazaji, naisikia kwa mawaziri. Hakuna anayegeuka. Zamani mtoto akisema hivyo, bibi aliyekuwa akipepeta mchele uani angemrekebisha bila kuinua kichwa: "Hukuja. Sema sikuja." Bibi huyo sasa anatazama tamthilia iliyotafsiriwa, na mtafsiri naye kaandika sijaja.

Ndiyo maana sikuweza kumkasirikia yule kijana wa ofisini. Amefundishwa Kiingereza na watu ambao hawakumshikisha koo lake, na Kiswahili hakufundishwa na mtu. Kila aliyemzunguka alidhani anacho tayari. Bango la vitenzi lenye rangi nne lipo, linauzwa stendi, nimeliona likining'inia kando ya ramani ya Afrika na picha za matunda. Nilimnunulia mjukuu wangu. Limebandikwa ukutani juu ya kitanda chake tangu Januari, zuri, linang'aa, na sijamsikia hata siku moja akiliita kwa sauti.

Mwalimu alifariki mwezi wa Ramadhani, na taarifa ilinifikia maziko yameshapita. Nilipokwenda kuhani, wanawe walinionyesha vitu vyake. Lile kopo lilikuwapo, na chaki ndani.

Ripoti niliisahihisha mwenyewe. "Have" kumi na moja nilizifuta, na kwenye ukurasa wa nne nilikuta "did not went". Wewe unayesoma hapa, kama una mtoto nyumbani, leo jioni mwulize jana alikwenda wapi na wapi hakwenda. Mwulize kwa Kiswahili. Akikujibu "sijaenda", acha Kiingereza kwanza, anzia hapo.